Maandishi ya Mkaa Ukutani

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu wakati wa mavuno ilikuwa kumsomea bibi ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kibanda cha mashine ya kukamua alizeti, mwendo wa karibu saa moja kwa miguu kutoka kwetu Unyambwa. Mzee mwenye mashine alikuwa ameandika juu yake kwa mkaa, herufi kubwa zilizozidi kubanana kadiri zilivyoukaribia mlango: ALIZETI MBICHI HATUKAMUI. INAKABA MASHINE. ANIKA SIKU MBILI, LETE TENA. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: MAWE YANAHARIBU PARAFUJO. PEPETA KWANZA, UNGO UPO.

Bibi hakujua kusoma. Tukishashusha magunia kutoka mgongoni mwa punda aliniambia, "Soma," nami nilisoma yote, mwaka baada ya mwaka, ingawa maneno hayakubadilika. Kisha alifungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa mbegu za katikati, ambazo jua haliwezi kuzifikia kwa urahisi. Aliitia moja mdomoni na kuing'ata. Ikipasuka kwa mlio, tulikwenda kwenye mizani. Ikilainika tu, tulifunga gunia na kurudi nalo nyumbani, na hakuna aliyetufukuza.

Mama aliniambia baadaye kwamba kabla ya maandishi yale kulikuwa na ugomvi kila msimu. Mzee akiwepo, mbegu mbichi zilirudishwa. Akienda Singida mjini, kijana wake alizipokea, hasa za jamaa na za watu wenye sauti, na mashine ikikaba, foleni nzima ililala palepale na magunia yake. Baada ya ule mkaa, kijana hakuwa tena na haja ya kubishana na mtu mzima. Alinyoosha kidole ukutani.

Leo kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Ukuta ule niliusahau kwa miaka mingi, mpaka kosa langu mwenyewe liliponifuata mpaka nyumbani.

Juni 2021 nilikwenda Unyambwa kwa mapumziko ya siku chache. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi Dodoma ilikuwa imetengeneza programu ya kupokelea mazao. Karani wa kituo anapima gunia, anaingiza uzito kwenye simu, na kimashine kidogo kinatoa stakabadhi yenye tarehe ya kupokea na tarehe ya malipo, ambayo ni siku kumi na nne baadaye. Sehemu ya tarehe niliiandika mimi. Mama alikuwa mmoja wa wakulima waliopeleka alizeti kwa utaratibu huo, na jambo hilo lilinipa fahari ambayo sikuwahi kumweleza mtu.

Jioni, baada ya chakula, alifungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa stakabadhi na kuinyoosha juu ya goti.

"Mwanangu, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tano, mama."

"Na hapa wameandika nilipeleka mzigo lini?"

Niliisogeza kwenye mwanga. Tarehe ya kupokea: 24/06/2021. Tarehe ya malipo: 24/06/2021.

"Mimi nilipeleka tarehe kumi, Alhamisi," alisema. "Nilikuwa na mama yako mdogo, muulize. Hiyo ishirini na nne haijafika. Nimepelekaje mzigo siku ambayo haijafika?"

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi, kabla ya kunywa chai, nilikuwa nimeshaona chanzo.

Tulikuwa tukitumia maktaba ya tarehe, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili yeyote autumie, iitwayo Moment.js. Ilianza mwaka 2011, ikaenea dunia nzima, na sisi tuliipenda zaidi kwa kuwa inajua kutaja miezi na siku za wiki kwa Kiswahili. Lakini ina tabia moja ya hatari. Ukiiambia iongeze siku kumi na nne kwenye tarehe, haikutengenezei tarehe mpya na kuiacha ya kwanza ilivyokuwa. Inaibadilisha ileile uliyoipa. Ni sawa na kumwomba karani akuandikie pembeni siku ya malipo, naye akafuta siku ya kupokea kwenye daftari kubwa na kuandika ya malipo juu yake. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa kuhesabu siku ya malipo bila kuinakili tarehe kwanza. Mstari mmoja.

Madhara hayakuishia kwenye karatasi. Karani aliporekebisha uzito na kuhifadhi upya, tarehe iliyosogezwa ndiyo iliyoingia kwenye hifadhidata, na kwa kuwa malipo yalifuata foleni ya kupokea, mkulima aliyerekebishiwa uzito alijikuta amerudishwa nyuma wiki mbili. Hakuna aliyepotelewa na shilingi. Lakini wapo waliongojea hela ya ada siku ambazo hawakupaswa kungojea, na walioulizia kituoni walijibiwa kwamba kompyuta ndivyo inavyosema. Kwangu jibu hilo ndilo lililouma kuliko yote. Bibi aliweza kung'ata mbegu na kujua ukweli wake. Mkulima aliyepewa stakabadhi hana cha kung'ata.

Watunzaji wa Moment.js wenyewe walikuwa wameshatoa tahadhari. Septemba 2020 walitangaza kwamba wataitunza tu bila kuiendeleza, wakashauri isitumike kwenye kazi mpya, na kati ya sababu walizotaja ni tabia hiyo ya kubadilisha tarehe iliyopo na uzito wa maktaba yenyewe. Ukiichukua pamoja na lugha zake zote, inakaribia kilobaiti 290 hata baada ya msimbo wake kufupishwa. Kwa simu ya karani wa kijijini anayetafuta mtandao kwa kusimama juu ya jiwe, huo ni mzigo. Tangazo lilikuwa na miezi tisa nilipokuwa nimekaa mbele ya mama na karatasi yake.

Nilirudi Dodoma, nikarekebisha ukurasa wa stakabadhi, tukasahihisha tarehe zilizoharibika moja moja kwa kulinganisha na madaftari ya vituo. Kisha kwenye kikao cha Jumatatu nikasema mbele ya wote, "Moment hatuitumii tena." Wote waliitikia. Nikaandika hivyo hivyo kwenye kundi letu la WhatsApp, nikahesabu kwamba nimemaliza.

Novemba mwaka uleule kosa lilirudi. Kijana aliyejiunga nasi Septemba, ametoka tu chuoni, alipewa ukurasa wa mikopo ya pembejeo. Tarehe ya kuchukua mbegu na tarehe ya kurejesha mkopo zikawa moja. Nilipofungua msimbo wake nikaikuta moment juu kabisa, mstari wa tatu. Nilimkaripia palepale, mbele ya wenzake, kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka.

"Dada, samahani," alisema. "Nimeikuta kwenye mafaili zaidi ya arobaini. Nilidhani ndio utaratibu wetu hapa."

Sikuwa na jibu. Hakuwepo kwenye kile kikao cha Jumatatu. Ujumbe wangu wa WhatsApp ulikuwa umefunikwa na miezi mitatu ya salamu, picha za harusi na michango ya misiba kabla hata hajaunganishwa kwenye kundi. Alichofanya ni kile ambacho fundi yeyote mwangalifu hufanya ugenini: alitazama ukuta akafuata kilichoandikwa. Na ukuta wetu, mafaili zaidi ya arobaini, uliandikwa moment.

Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya watu walewale. Kisha nikaketi kuandika ukuta mwingine.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, linta ni programu inayosoma msimbo kabla haujaendeshwa na kuonyesha mahali penye walakini. Ya kwanza iliandikwa na Stephen Johnson katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1978. Aliipa jina la vile vinyuzi na vumbi vinavyoganda kwenye nguo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuviokota. Kwa lugha ya JavaScript tunayoitumia sisi, inayojulikana zaidi ni ESLint, aliyoianzisha Nicholas Zakas mwaka 2013. Tulikuwa nayo tangu mwanzo. Ilitukumbusha nukta mkato na nafasi, na tuliichukulia kama mwalimu wa mwandiko. Kumbe ndani yake kuna kanuni iitwayo no-restricted-imports, ambayo kazi yake ni moja: unaitajia maktaba au moduli usiyoitaka, nayo inamzuia yeyote anayejaribu kuiingiza.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya. Niliandika jina la moment, nikaweka kanuni kwenye daraja la onyo badala ya kosa, nikaenda zangu. Linta ikatoa mistari ya manjano kwa makumi, na kwa kuwa kazi iliendelea kama kawaida, baada ya wiki hakuna aliyeiona tena ile manjano. Macho yaliizoea kama yanavyozoea ufa wa dari.

Nilipoipandisha kuwa kosa, nikagundua mianya. Kanuni inalinganisha jina kama lilivyo, kwa hiyo moment ilikamatwa, lakini moment-timezone, maktaba nyingine inayoibeba moment ndani yake, ilipita. Anayeingiza faili la ndani, kwa mfano moment/moment, naye alipita, mpaka nilipoandika kigezo kinachokamata kila kinachoanza na moment na mkwaju. Mafaili ya zamani yanayoita maktaba kwa require hayakuguswa kabisa, kwa sababu kanuni hii haitazami require. Ilibidi niyabadilishe kwa mkono. Na linta iliyokuwa ikiendeshwa kwenye kompyuta ya kila mtu iliweza kurukwa na mwenye haraka, ndipo tukaihamishia kwenye seva inayopokea kazi zote. Huko msimbo wenye kosa hauunganishwi na wa wenzake, uwe wa mkuu au wa aliyeingia jana.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni ujumbe wenyewe. Usipoandika chochote, ESLint husema tu kwamba kuingiza moduli hiyo kumezuiwa. Nilimwona kijana yuleyule ameukodolea macho. Hakubisha. Aliinua tu kichwa akaniuliza, "Sasa nitumie nini?"

Ndipo nilipoukumbuka mkaa. Mzee yule angeweza kuandika ALIZETI MBICHI HATUKAMUI na kuishia hapo, na bado angekuwa na haki, mashine ni yake. Aliongeza sababu: inakaba. Akaongeza la kufanya: anika siku mbili. Na kwenye mstari wa mawe alifanya jambo ambalo nilipokuwa mtoto nililipita tu. Aliweka ungo. Ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango, ukingo wake umeshonwa upya kwa kamba ya katani, na mtu aliyekuja na mbegu zenye mawe aliutungua, akapepeta palepale, akarudi kwenye foleni.

Mimi nilikuwa nimekataza kabla sijatundika ungo.

Nikaishusha tena ile kanuni kuwa onyo kwa wiki mbili, nikaandika kwanza faili moja, src/tarehe.js. Ndani yake kuna kazi chache tu: kuongeza siku, kulinganisha tarehe mbili, kuandika tarehe kwa Kiswahili. Zote zinarudisha tarehe mpya na kuiacha ya asili salama. Hofu ya wenzangu ilikuwa kwamba tutapoteza majina ya miezi ya Kiswahili, lakini vivinjari vya siku hizi vinayajua vyenyewe. Ukitumia Intl.DateTimeFormat na kuiambia sw-TZ, na kwamba unataka mwezi kwa jina, inakuandikia "10 Juni 2021" bila kupakua kitu chochote. Tuliijaribu kwenye simu za makarani, zile za bei ya chini kabisa, ikakubali. Ndipo nikairudisha kanuni kwenye daraja la kosa, na safari hii ikiwa na maneno yangu mwenyewe:

"Usitumie moment: inabadilisha tarehe ya asili na imewahi kuharibu stakabadhi za wakulima, Juni 2021. Tumia ongezaSiku au andikaTarehe kutoka src/tarehe.js. Mifano imo humohumo."

Mwenzetu mmoja aliona ni maneno mengi mno kwa kompyuta. Nilimwambia kompyuta haiyasomi. Anayeyasoma ni mtu saa mbili usiku, mteja anamngoja, na mimi sipo.

Mafaili ya zamani yalikuwa 43. Kuyabadilisha yote siku moja kungekuwa kuomba msiba mwingine, kwa hiyo niliyaandikia orodha ya msamaha ndani ya mipangilio ya linta. Kanuni haiyagusi hayo, inagusa mengine yote. Orodha ikapewa sharti moja: jina linaweza kutoka, haliwezi kuingia. Kila aliyepita kwenye faili la zamani kwa kazi nyingine aliondoa moment na kufuta mstari mmoja wa orodha. Huo ndio mwendo ulioshikika. Nimewahi kuona mahali ambapo mtu anataka kusafisha nyumba nzima usiku mmoja, asubuhi kila mlango umekwama.

ESLint pia inaruhusu mtu kuzima kanuni kwa mstari mmoja kwa kuandika maelezo maalumu juu yake. Hatukuufunga mlango huo, maana dharura zipo. Tulikubaliana tu kwamba anayezima aandike sababu baada ya vistari viwili, kama zana yenyewe inavyoruhusu tangu toleo la 7. Ijumaa moja nilikuwa na haraka nikazima kanuni yangu mwenyewe. Aliyepewa kuikagua kazi yangu alikuwa yule kijana. Aliandika neno moja tu chini ya mstari ule: "Sababu?" Sikuwa nayo. Niliufuta, nikatumia src/tarehe.js, ikanichukua dakika nane.

Baadaye nilianza kusoma msimbo wa wengine nione wao wanakatazaje. Nilichokipenda kuliko vyote ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na kukulia Eldoret, Kenya, kwenye huduma za watu wanaoishi na Virusi vya Ukimwi, na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwenye mipangilio ya linta ya kurasa zake za toleo la tatu nilikuta kanuni ileile. Inakataza kuingiza maktaba ya lodash nzima nzima, inakuelekeza uchukue kazi unazozihitaji tu, na inakuonyesha mfano wa mstari wa kuandika. Inakataza pia jina la zamani la maktaba ya vipengele vya ukurasa na kukutajia jipya. Sikuwahi kuonana na walioiandika. Lakini nilipousoma ujumbe ule nilihisi nimesimama mbele ya ukuta wa mtu aliyewahi kumwona mwenzake akihangaika.

Tusiipe linta sifa isiyo yake. Inasoma msimbo wetu, haisomi kile ambacho maktaba tunazoziamini zimekibeba tumboni. Novemba 2018 iligundulika kwamba maktaba ya event-stream, iliyotumiwa na watu wengi mno, ilikuwa imekabidhiwa kwa mtu mwingine, naye akaingiza ndani yake maktaba ndogo iliyolenga kuiba sarafu za bitcoin kutoka kwenye pochi iitwayo Copay. Kanuni ya kukataza jina isingeisaidia kampuni iliyokuwa na event-stream kwenye orodha ya marafiki. Kwa hilo kuna kazi nyingine: kufunga matoleo, kusoma mabadiliko kabla ya kuyapokea, na kupunguza wageni nyumbani.

Na yasikatazwe mengi. Ukuta wa mzee ulikuwa na mistari miwili kwa miaka yote niliyousoma, ndiyo maana bibi alivumilia kuusikiliza wote. Orodha yetu ina majina manne. Moment na moment-timezone. Lodash nzima. La nne ni moduli yetu wenyewe, ile inayozungumza na hifadhidata: kurasa za stakabadhi haziruhusiwi kuiita moja kwa moja, lazima zipite kwenye safu ya kati inayokagua tarehe. Kila moja ina kisa chake, na kisa kimeandikwa kwenye ujumbe. Mtu akileta jina la tano, tunamuuliza limemwumiza nani. Kama jibu ni kwamba halipendi tu, tunamwachia.

Mama alilipwa tarehe 24 Juni 2021, kama ilivyopaswa. Ile stakabadhi aliniachia. Iko kwenye droo ya meza yangu, na wino wake, kama wino wa karatasi hizo zote, umeshafifia hata tarehe hazisomeki. Faili la mwisho lilitoka kwenye orodha ya msamaha Mei 2023, wiki ambayo magunia ya kwanza ya msimu yalianza kufika vituoni. Moment haimo tena popote kwenye msimbo wetu. Kanuni inayoikataza sijaifuta.